Baridi ya Hewa na Baridi ya Mwili

Mwezi wa Juni na Julai, ukipita njiani Butimba asubuhi na mapema, utasikia neno moja kila mahali. Mama anayefungua genge lake amejitanda khanga ya pili. Mtoto anayekwenda shule amekunja mikono kifuani. Mvuvi anayetoka ziwani amejikunyata, nguo zimemlowa. Watu husalimiana, "Mwangaluka," na mara baada ya salamu huongeza, "Leo baridi!"

Neno ni hilo hilo moja. Je, wote wanasema jambo moja?

Katika somo hili tutalitazama neno baridi. Tutaona linavyosemwa kwa Kiswahili, kisha tutalilinganisha na maneno ya Kihispania. Utauliza, Kihispania kinatuhusu nini sisi wa kando ya ziwa? Soma polepole, utaona.

Baridi ya kwetu

Mwanza haiko mbali na ikweta. Kwa nini basi tunapata baridi? Sababu ya kwanza ni mwinuko. Ziwa Viktoria liko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,134. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo hewa inavyopoa. Kwa hiyo usiku wa Mwanza si kama usiku wa Dar es Salaam, ambako mtu hulala bila shuka na bado hutoka jasho.

Sababu ya pili ni mawingu. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua zimekatika na mbingu ni nyeupe. Mawingu ya usiku ni kama blanketi. Yakiwapo, ardhi haipotezi joto lake upesi. Yasipokuwapo, joto la mchana hupanda juu na kupotea. Ndiyo maana katika miezi hii mchana huweza kuwa na joto la karibu nyuzi 28, na kabla ya mapambazuko likashuka hadi nyuzi 15 au 16. Watu wa pwani huyaita majira haya kipupwe.

Mtu wa Makete akisikia tunalalamika kwa nyuzi 15 atacheka. Huko kwao, katika uwanda wa Kitulo, kuna asubuhi ambazo umande huganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi. Juu ya Kilimanjaro, mita 5,895, kuna barafu. Lakini mwili wa mtu wa Butimba haujui habari za Makete. Unajua joto ulilolizoea, nguo uliyoivaa, na kama nguo hiyo ni kavu au imelowa.

Jambo hili la nguo wavuvi wanalijua vizuri. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Basi hewa hutoka nchi kavu na kuvuma kuelekea ziwani. Mvuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, usio na mbalamwezi, kwa sababu dagaa huvutwa na mwanga wa taa. Anakaa ndani ya mtumbwi saa nyingi, upepo unampiga, maji yanamrukia. Maji hunyang'anya joto la mwili upesi sana kuliko hewa. Kwa hiyo mtu aliyelowa anaweza kupatwa na baridi mbaya hata katika nchi ya joto kama yetu.

Namna tatu za kusema

Neno baridi lilitoka katika Kiarabu. Kisukuma kina neno lake, mbeho. Wahaya ng'ambo ya ziwa husema embeho. Maneno haya ni ndugu wa neno upepo. Mimi naona wazee wetu hawakukosea, kwa maana mtu wa ziwani hupata upepo na baridi kwa pamoja.

Sasa tazama sentensi hizi tatu:

Leo kuna baridi.

Maji ya mtungi ni ya baridi.

Nasikia baridi.

Sentensi ya kwanza inasema habari ya hewa. Kila mtu aliyepo anaweza kuishuhudia. Sentensi ya pili inasema habari ya kitu. Ukikigusa utajua. Sentensi ya tatu ni tofauti kabisa. Inasema habari iliyo ndani ya mwili wa mtu mmoja, na mwingine hawezi kuishuhudia. Mwingine atasema "naona baridi," na mwalimu wa shule atasema "nahisi baridi," lakini maana ni ile ile. Hakuna anayeisikia kwa sikio wala kuiona kwa jicho.

Neno hili lina mchezo mwingine pia. Dukani ukiagiza soda, muuzaji atakuuliza, "Ya baridi au ya moto?" Ukisema ya moto, hakuletei soda inayochemka. Anakuletea ile ambayo haikukaa kwenye friji. Na soda hiyo ya moto bado inaitwa kinywaji baridi! Hapo hakuna hasara. Mnaelewana na unakunywa soda yako. Hasara huja neno likichanganywa mbele ya mganga.

Wenzetu wasemavyo

Kihispania ni lugha ya Hispania, na ni lugha ya Kuba, Kolombia, Argentina na nchi nyingine nyingi za Amerika. Katika lugha hiyo baridi ni frío. Hewa ikiwa ya baridi, Mkuba husema:

Hace frío.

Herufi h haitamkwi. Soma hivi: ase frio. Neno kwa neno, maana yake ni "inafanya baridi." Nani anafanya? Hakuna anayetajwa. Ni hewa tu.

Akiwa yeye mwenyewe ndiye anayesikia baridi, hasemi hivyo. Husema:

Tengo frío.

Soma kama ilivyoandikwa: tengo frio. Maana yake ni "nina baridi," kama vile mtu asemavyo nina njaa au nina kiu. Na maji yakiwa ya baridi husema, el agua está fría. Kwa hiyo namna zao ni tatu kama zetu: ya hewa, ya mwili, ya kitu. Ukichanganya ya kwanza na ya pili, mtoto wa kwao atakucheka.

Wana neno la nne, na hili ndilo nataka ulishike. Mtu anapotetemeka kwa homa, hasemi tengo frío tu. Husema:

Tengo escalofríos.

Soma: eskalofrios. Ndani yake utaona lile neno frío, lakini hapa hakuna habari ya hewa tena. Ni baridi ya ugonjwa, ile inayopanda mgongoni na kugonganisha meno. Hata jua likiwaka, mtu husema hivyo.

Jambo hili lina faida hapa Afrika Mashariki. Madaktari kutoka Kuba wamefanya kazi Zanzibar kwa miaka mingi. Fikiri mgonjwa anamwambia daktari mgeni, "Nasikia baridi." Daktari aliyejifunza Kiswahili cha kitabuni anajua kwamba kusikia ni kazi ya masikio. Inambidi ajifunze kwamba hapa mgonjwa anazungumzia mwili. Kisha inambidi aulize zaidi: je, ni tengo frío au ni escalofríos? Baridi ya kuvaa sweta, au baridi ya kupima damu?

Swali hilo hata muuguzi aliyezaliwa Butimba anapaswa kuliuliza.

Tunalo neno letu

Usidhani Kiswahili kimepungukiwa. Tunalo neno kitapo. Kitapo ni kule kutetemeka kwa mwili kwa sababu ya homa au baridi kali. Wengi wameliacha, wakabaki na baridi peke yake. Ni hasara, maana neno hili linamwonyesha mganga njia mara moja.

Soma mazungumzo haya. Wawili wasome kwa sauti, mmoja awe muuguzi, mwingine awe mama.

Muuguzi: Shikamoo mama.

Mama: Marahaba mwanangu.

Muuguzi: Pole. Unasumbuliwa na nini?

Mama: Nasikia baridi tu, mwanangu. Baridi hii ya Juni imenishika.

Muuguzi: Ilianza lini?

Mama: Jana mchana, kama saa nane. Nilikuwa naanika dagaa.

Muuguzi: Saa nane jua linawaka, mama. Wenzako mliokuwa nao, nao walisikia baridi?

Mama: Aa, wao walikuwa wanatoka jasho. Mimi peke yangu nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Baadaye mwili ukawa wa moto kama jiko.

Muuguzi: Basi hiyo si baridi ya Juni. Hicho ni kitapo. Tuchukue damu tupime.

Muuguzi huyu aliuliza mambo mawili tu. Ilianza saa ngapi? Na wenzako waliisikia? Baridi ya hewa huwapata wote waliokaa mahali pamoja. Baridi ya ugonjwa humchagua mtu.

Kwa nini mgonjwa wa malaria husikia baridi huku mwili wake unaungua? Vimelea vya malaria huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzaana humo. Chembe hizo zikipasuka, mwili hutambua kwamba kuna adui. Hapo mwili hujipangia joto la juu kuliko lile la kawaida la nyuzi 37. Kabla joto halijafika huko juu, mwili hujiona umepoa. Basi misuli hutetemeka ili itoe joto. Mgonjwa anaomba blanketi la pili, na ukimgusa paji la uso unashtuka. Zahanati huhesabu kuwa ni homa kipima joto cha kwapani kikisoma nyuzi 37.5 au zaidi.

Kuna sababu ya watu wa kwetu kuchanganya baridi hizi mbili, na si ujinga. Mvua za masika huacha madimbwi. Mbu huzaana humo, na wagonjwa wa malaria huongezeka mvua zinapokwisha. Wakati huo huo kipupwe kinaanza. Baridi ya hewa na baridi ya malaria huja karibu pamoja, kama wageni wawili walioshuka basi moja. Ni rahisi mtu kumsingizia mmoja kazi ya mwenzake. Hata Wataliano wa zamani walikosea hivyo. Neno malaria ni lao, na maana yake ni hewa mbaya. Walidhani ugonjwa hutoka hewani.

Malaria haitokani na upepo wa ziwa wala kuoga maji ya baridi. Hutokana na mbu. Zahanati ina kipimo cha haraka: tone moja la damu ya kidole, na majibu hupatikana kwa kiasi cha dakika 15 hadi 20. Ikionekana ni malaria isiyo kali, mgonjwa hupewa dawa mseto, mara sita kwa siku tatu. Wazee wanakumbuka klorokwini. Dawa hiyo iliachwa Tanzania bara mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Dawa mseto nayo lazima imalizwe yote, hata kama kitapo kimekwisha siku ya kwanza.

Kikohozi na kupumua kwa haraka ni jambo jingine. Watu husema mtoto "ameingiwa na baridi kifuani." Nimonia huletwa na vijidudu, na mtoto huweza kuipata hata Januari. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, au mwenye mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi, apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje hata chai.

Asiyeweza kusema

Mtu mzima atasema nasikia baridi, au tengo frío, au mbeho. Mtoto aliyezaliwa leo hasemi neno. Naye ndiye anayepoa upesi kuliko sisi wote, kwa kuwa ni mdogo, amelowa, na hana mafuta mengi mwilini. Mtoto mchanga aliyepoa sana halii kwa nguvu. Hunyamaza. Watu husema, "Ametulia, mtoto mzuri huyu," kumbe anazidi kupoa.

Gusa nyayo zake, kisha gusa tumbo lake. Nyayo za baridi na tumbo la joto, mwongezee nguo na umvike kofia na soksi. Tumbo nalo likiwa la baridi, mtoto yuko hatarini. Kwa mtoto mchanga, chini ya nyuzi 36.5 ni baridi. Na jihadhari: mtoto mchanga mwenye ugonjwa ndani ya damu huweza kupoa badala ya kuwa na homa. Akiwa wa baridi, hanyonyi na analegea, mkimbize hospitali.

Dawa ya kumpa joto iko kwa mama mwenyewe. Habari yake inaturudisha kwa wasemao Kihispania. Mji wa Bogotá, mkuu wa Kolombia, uko karibu na ikweta kama sisi. Lakini uko juu, kiasi cha mita 2,600, na huko hace frío karibu mwaka mzima. Mwaka 1978 daktari mmoja wa huko, Edgar Rey Sanabria, alikuwa na watoto wengi waliozaliwa kabla ya siku zao na mashine chache za kuwapa joto. Aliwapa akina mama kazi ile ya mashine. Mtoto aliwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wima katikati ya matiti, akafunikwa kwa nguo juu. Njia hiyo iliitwa ya kangaroo, kwa mfano wa mnyama wa Australia anayebeba mtoto wake katika mfuko wa tumboni.

Leo njia hiyo inatumika duniani kote, na katika hospitali za Tanzania pia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto aliyezaliwa njiti au mwenye uzito mdogo awekwe hivyo mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Mama akichoka, baba au bibi anaweza kumpokea. Ndiyo, baba pia. Kifua cha baba kina joto lile lile. Na mtoto wa namna hii akipelekwa hospitali kwa pikipiki au basi, asifungwe peke yake katika kanga. Asafiri kifuani.

Mtoto yeyote, hata mnene, afutwe akauke mara azaliwapo, na asiogeshwe mpaka saa 24 zipite. Najua mabibi wengine hawapendi kusikia hivyo.

Joto linaloua

Yuko mama ambaye, usiku wa Julai, huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha ili watoto wapate joto. Makusudi yake ni mema. Lakini mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina harufu, haina rangi, wala haikohozi mtu. Anayelala huumwa kichwa kidogo, hulegea, kisha haamki. Watu husema majirani wamewaroga. Jiko likae nje. Mkitaka joto, laleni pamoja chini ya blanketi moja, nguo mbili nyembamba mwilini badala ya moja nene.

Mvuvi aliyepoa naye asipewe gongo. Pombe huleta damu karibu na ngozi, kwa hiyo hujiona amepata joto wakati joto linatoka nje. Mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mfunike pamoja na kichwa, mpe chai ya moto yenye sukari kama yu macho na anaweza kumeza. Akiacha kutetemeka huku maneno yake yanakokota na anataka kulala tu, hajapona. Hali yake imekuwa mbaya zaidi, na anahitaji mganga upesi.

Maneno ya kusoma na kuandika

kipupwe – majira ya baridi, Juni hadi Agosti
kitapo – kutetemeka kwa homa au baridi kali
kujikunyata – kujikunja kwa baridi
njiti – mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake

Maswali ya darasa

1. Soma tena mazungumzo ya muuguzi na mama. Ni swali lipi lililoonyesha kwamba baridi yake si ya hewa?

2. Katika lugha ya nyumbani kwako, je, "leo kuna baridi" na "nasikia baridi" husemwa kwa namna moja au mbili? Yako maneno kama kitapo? Yaandike ubaoni, na wenzako wa makabila mengine waandike yao.

3. Mtu anakuambia saa sita mchana, jua kali, "Hace frío." Amekosea wapi? Angesema nini?

4. Mmoja ashike saa, mwingine ahesabu pumzi za mwenzake kwa dakika moja. Kisha mbadilishane.

5. Andika barua fupi kwa ndugu yako wa kike anayekaribia kujifungua mwezi wa Julai. Mweleze namna ya kumgusa mtoto nyayo na tumbo, na ni nani nyumbani kwake atakayesaidia kumbeba mtoto kifuani.